Anayenunua Kisima, Je, Hununua na Ahadi Yake?



Ndugu msomaji, makala hii imetokana na kosa langu mwenyewe, na ni bora nianze nalo kabla sijamnyooshea mtu mwingine kidole.

Mwaka wa masomo uliopita nilikuwa katibu wa habari wa jumuiya yetu. Wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya nilikaa mlangoni pa msikiti na daftari, na kila aliyeingia akaandika jina lake na namba ya simu. Usiku ule niliziingiza namba zote katika simu yangu, zaidi ya mia mbili, nikafungua kundi moja la WhatsApp na kuwaweka wote humo, akina kaka na akina dada. Nililala nikijiona nimefanya kazi ya maana.

Baada ya siku chache dada mmoja wa mwaka wa kwanza alijitoa kundini. Wanaume asiowajua walikuwa wameichukua namba yake humo na kuanza kumwandikia usiku. Hakulalamika kwa mtu. Wiki mbili baadaye tukatangaza kundini kwamba kuna msaada mdogo wa karo na kwamba fomu zirudishwe kabla ya Ijumaa. Hatukubandika karatasi ukutani wala hatukusimama baada ya swala kutangaza. Yeye hakujua, na muhula ule ulimpita.

Alipokuja kuniuliza nilimjibu, "Dada, lakini kila mtu yuko WhatsApp." Akaniambia, "Ndugu katibu, mimi namba yangu niliiandika kwenye daftari la msikiti. Nani alikuruhusu kuitoa humo?"

Nilibaki kimya. Swali lile limekaa nami mwaka mzima. Nimelipeleka katika darasa la fiqhi ya miamala, nimelipeleka katika habari za makampuni makubwa ya mitandao ya kijamii, na kote nimelikuta ni lile lile: kitu nilichokukabidhi kwa shughuli moja, je, unaweza kukihamishia shughuli nyingine kwa sababu tu mlango umebadilisha mwenyewe?

Dola 42 kwa kichwa

Tuanze na hesabu. Februari 2014 kampuni ya Facebook ilitangaza kuinunua WhatsApp kwa dola bilioni 19. Wakati huo WhatsApp ilikuwa na wafanyakazi 55 na watumiaji kama milioni 450. Gawanya uone: ni kama dola 42 kwa kila mtumiaji, yaani kwa viwango vya siku hizi kama shilingi laki moja na nusu za Uganda.

Mapato ya WhatsApp kwa mwaka 2013 yalikuwa kama dola milioni 10 tu, na hasara yake ilikuwa kubwa kuliko hayo. Mtumiaji aliahidiwa mwaka wa kwanza bure, kisha dola moja kwa mwaka. Waanzilishi wake, Jan Koum na Brian Acton, walikuwa wamesema waziwazi kwamba hawataki matangazo ya biashara. Mwaka 2012 Koum aliandika maelezo marefu ya kwa nini hawauzi matangazo, na hoja yake ilikuwa kwamba pale matangazo yanapoingia, mtumiaji mwenyewe hugeuka kuwa bidhaa.

Sasa jiulize kama mfanyabiashara. Nani hutoa dola 42 kununua mteja anayelipa dola moja kwa mwaka? Ingemchukua miaka 42 kurudisha fedha yake, tena kama hatumii hata senti kuendesha shughuli. Na kama hiyo haitoshi, mwaka 2016 hata ile dola moja ilifutwa. Ni wazi kwamba thamani ilikuwa mahali pengine.

Sehemu ya jibu imo katika barua pepe za Mark Zuckerberg mwenyewe, zilizotolewa hadharani baadaye na wachunguzi wa Marekani. Mwaka 2008 aliandika kwamba ni afadhali kununua kuliko kushindana. Mwaka 2012, alipokuwa akiiwazia Instagram, alizungumzia kumwondolea nguvu mtu anayeweza kuja kuwa mshindani. Mwaka huo huo Instagram ilinunuliwa kwa bei iliyotangazwa ya dola bilioni moja, ikiwa na wafanyakazi 13. Haikuwa na matangazo hata moja. Yalianza kuingia mwishoni mwa 2013.

Kwa hiyo mnunuzi alipata vitu viwili. Alipata watu, na alipata utulivu wa kujua kwamba watu hao hawatakuwa kwa mtu mwingine.

Madhara ya kitu cha bure

Hapa ndipo wengi wetu hukwama. Tunasema: mimi silipi kitu, basi nadhulumiwa nini? Hata wadhibiti wa ushindani walikwama hapo hapo. Kazi yao ya miaka mingi ilikuwa kuangalia bei. Viwanda viwili vya sukari vikiungana, mdhibiti huuliza kama kilo ya sukari itapanda. Lakini bei ikiwa sifuri kabla ya kuungana, na ikabaki sifuri baada ya kuungana, kipimo chake hakisomi kitu.

Ukweli ni kwamba soko la namna hii lina milango miwili. Mlango mmoja tunaingia sisi, na hatulipi. Mlango wa pili huingia wafanyabiashara, na wao hulipa ili wafikie macho yetu. Mwaka 2024 kampuni hiyo, ambayo sasa inaitwa Meta, ilipata mapato ya zaidi ya dola bilioni 164, na kama bilioni 160 kati ya hizo zilitokana na matangazo. Mwenye duka la viatu Kikuubo anayelipia tangazo ili alione mwanafunzi wa Mbale hawezi kuibeba gharama hiyo kichwani. Huitia ndani ya bei ya kiatu. Basi ile huduma ya bure tunailipia dukani, achilia mbali bando tunalonunua kila siku, na achilia mbali zile shilingi 200 kwa siku tulizotozwa na serikali kwa ajili ya mitandao ya kijamii kuanzia Julai 2018.

Tena mitandao miwili ikiwa na wenyewe wawili tofauti, hushindana kwa wema, maana bei haipo. Mmoja akizidisha matangazo, watu huhamia kwa mwenzake. Mmoja akipekua mambo ya watu, mwenzake hujisifu kwamba yeye hapekui. Yote miwili ikiwa mali ya mtu mmoja, wema huo hauna tena sababu ya kibiashara. Ukikimbia chumba hiki unaingia chumba kingine cha nyumba ile ile.

Tena kuhama kwenyewe si rahisi. Thamani ya simu yangu haimo katika programu, imo katika watu walio upande wa pili. Mimi naweza kuhama leo jioni. Mama yangu, shangazi zangu, kundi la ukoo, kundi la darasa na imamu wetu wa kijijini hawatahama nami. Ndiyo maana neno langu kwa yule dada, kwamba kila mtu yuko huko, lilikuwa la kweli na wakati huo huo lilikuwa la dhuluma. Lilikuwa la kweli kwa sababu watu wako huko. Lilikuwa la dhuluma kwa sababu nililitumia kufunga mlango.

Ahadi ilikwenda wapi?

Siku ya kutangaza kuuzwa kwao, WhatsApp waliwaambia watumiaji kwamba kwao hakuna kitakachobadilika. Aprili 2014 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliziandikia kampuni zote mbili barua ikizikumbusha kwamba ahadi za faragha alizozitoa muuzaji zinaendelea kumbana hata baada ya kununuliwa. Nilipoisoma habari ya barua hiyo nilisema moyoni: hii ni fiqhi.

Umoja wa Ulaya uliidhinisha ununuzi huo Oktoba 2014. Facebook ilikuwa imeuambia kwamba haiwezekani kuziunganisha moja kwa moja, kwa njia ya kuaminika, akaunti za WhatsApp na za Facebook za mtu yule yule. Agosti 2016 masharti ya WhatsApp yakabadilishwa, na namba za simu za watumiaji zikaanza kupelekwa Facebook. Mei 2017 Umoja wa Ulaya ukaitoza Facebook faini ya euro milioni 110, baada ya kubaini kwamba njia ya kuziunganisha ilikuwepo tangu 2014. Ununuzi wenyewe haukutenguliwa. Acton aliondoka 2017, Koum akafuata 2018.

Januari 2021 ujumbe mwingine ulikuja kwenye simu: kubali masharti mapya. Mwezi ule sisi Uganda tulikuwa na uchaguzi, Facebook ikafungiwa, kisha intaneti nzima ikazimwa kwa siku kadhaa. Nyumbani kwetu hakuna aliyeyasoma masharti yale. Iliporudi mtandaoni, baba alibonyeza alipoonyeshwa abonyeze, kwa kuwa alitaka kujua hali ya ndugu zake.

Na Juni 2025 ikatangazwa kwamba matangazo ya biashara yataingia ndani ya WhatsApp, katika sehemu ya Status.

Lazima niwe mwadilifu hapa. Tangu 2016 ujumbe wetu wa WhatsApp umefungwa kwa namna ambayo kampuni yenyewe haiwezi kuusoma. Aliyefanya hivyo ni WhatsApp iliyokuwa tayari mikononi mwa Facebook. Kwa hiyo sisemi kwamba wanasoma barua zetu, na mwenye kulisema hilo bila ushahidi ana hatari ya kuingia katika dhana ambazo aya ya 12 ya Suratul Hujuraat inatukataza pamoja na upekuzi wenyewe. Ninachosema ni kwamba bahasha nayo inazungumza: nani anamwandikia nani, saa ngapi, akiwa wapi. Na bahasha ndiyo inayomfaa mtu wa matangazo.

Je, ni ihtikaar?

Baadhi ya ndugu zetu wakisikia habari hizi husema haraka: hiyo ni ihtikaar, ni haramu, tumemaliza. Nami naona tusikimbilie huko. Ni kweli Mtume (s.a.w.) amesema, katika hadithi aliyoipokea Muslim, kwamba haihodhi bidhaa ila mwenye makosa. Lakini wanazuoni walitofautiana juu ya mipaka yake. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i msisitizo uko kwenye chakula. Wamaliki walipanua zaidi, na Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, alisema ni kila kitu ambacho kukizuia kunawadhuru watu. Tena mwenye kuhodhi huficha gunia ili bei ipande. Huyu hakuficha kitu. Amefungua ghala, anagawa bure.

Mfano ulio karibu zaidi nauona katika talaqqir-rukbaan, kuwatokea wenye misafara njiani kabla hawajafika sokoni. Sisi tuliokulia miteremko ya Mlima Elgon tunaujua vizuri. Dalali hupanda mlimani kahawa ikiwa bado ua, mwenye shamba ana shida ya karo, na dalali anajua bei ya mjini ilhali mkulima haijui. Fedha hutolewa, mikono hupeanwa, na kila mmoja anasema ameridhika. Mtume (s.a.w.) aliukataza mwendo huo, na akampa muuzaji haki: akifika sokoni akaona amepunjwa, ana khiyari ya kurudi nyuma.

Mimi nilipobonyeza "nakubali" nilikuwa kama yule mkulima. Sikujua kwamba kichwa changu kina bei ya dola 42. Mnunuzi aliijua. Aya ya 29 ya Suratun Nisaa imejenga biashara juu ya kuridhiana, na kuridhia kitu usichokijua kuna upungufu ndani yake. Zaidi ya hayo, khiyari yangu iko wapi? Nilipofika sokoni na kuijua bei, sikuweza kurudi nyuma, kwa kuwa watu wangu wote walishafungiwa ndani. Kama kuna ihtikaar hapa, basi kilichowekwa ghalani si mahindi, ni sisi.

Ndiyo maana naiona sheria ya masoko ya kidijitali ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kuyabana makampuni makubwa Machi 2024, kuwa na maana kubwa kuliko faini. Inaitaka WhatsApp iwafungulie milango watoa huduma wengine, ili mtu aliye kwingine aweze kumwandikia aliye ndani. Hiyo ni khiyari halisi: kuhama bila kuwaacha watu wako. Sheria hiyo inamlinda mtu wa Ulaya. Kwetu bado.

Pingamizi la mwenzangu

Mwenzangu wa chumbani, anayesoma uchumi, alinipinga usiku kucha, na hoja zake ni nzito. Alisema: kwanza, kununua kampuni ni biashara halali kati ya watu wazima wawili. Pili, Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliombwa apange bei Madina zilipopanda, akakataa. Tatu, bila mnunuzi yule huenda WhatsApp isingefika kwa bibi yako kijijini. Nne, Novemba 2025 jaji James Boasberg wa Marekani aliamua kwamba FTC haikuthibitisha kuwa Meta ina ukiritimba kwa sasa, kwa kuwa TikTok na YouTube zinashindana nayo.

Ya kwanza nimeikubali. Ya tatu pia siwezi kuikana, maana bibi yangu hunitumia dua kwa sauti kila Ijumaa na halipi zaidi ya bando. Ya pili ina jibu ambalo wanazuoni walilitoa zamani. Ibn Taymiyya katika kazi yake juu ya hisba alitofautisha bei iliyopanda kwa sababu ya hali ya soko na ile iliyopanda kwa sababu wachache wamelishika soko. Katika ya kwanza kiongozi haingilii. Katika ya pili kuingilia ni kuondoa dhuluma. Ama ya nne, mahakama ile iliulizwa kama kampuni hiyo inalitawala soko leo. Haikuulizwa kama ahadi ilitimizwa. Mtu anaweza kushinda kesi ya ukiritimba na bado akabaki na deni la ahadi, kwani Suratul Maaida inafungua kwa kutuamrisha kutimiza mikataba.

Hapo mwenzangu aliniuliza swali moja tu: "Na wewe uliyepeleka namba mia mbili, uliwaomba ruhusa?" Nikazima taa.

Kisima cha Ruuma

Tumesimuliwa tangu madrasa habari ya kisima cha Ruuma. Waislamu walipohamia Madina, mwenye kisima hicho alikuwa akiuza maji. Mtume (s.a.w.) akahimiza kinunuliwe, na Uthman bin Affan (r.a.) akakinunua. Katika baadhi ya masimulizi alinunua kwanza nusu, wakagawana siku: siku moja yake, siku moja ya mwenzake. Siku ya Uthman watu waliteka bure maji ya siku mbili, na siku ya mwenzake hakuja mtu. Mwishowe mwenye kisima akauza na nusu iliyobaki.

Nilipoifikiria kama mwanafunzi wa miamala nilishtuka kidogo. Kwa sura ya nje, Uthman alifanya kile kile wanachofanya matajiri wa mitandao: aliweka bei ya sifuri, mshindani akakosa wateja, akanunua kilichobaki. Basi tofauti iko wapi? Iko katika kilichofuata. Baada ya kukishika kisima chote, alikifanya waqfu, na ndoo yake ikawa sawa na ndoo za Waislamu wengine. Hakubaki na njia ya kugeuka kesho na kuwauza waliokuja kuteka. Maji ya bure ya Uthman yalikuwa mwisho wa safari. Maji ya bure ya mitandao ni chambo tu, na safari inaendelea.

Kwa hiyo mtu akinunua kitu ambacho watu wamekitegemea, kwangu mimi swali la kwanza ni hili: amejifunga vipi asiweze kuwageuka? Brian Acton, baada ya kuondoka, alitoa dola milioni 50 mwaka 2018 kuanzisha taasisi ya Signal, isiyogawana faida. Yeye si Mwislamu ninavyojua, wala hakuiita waqfu, lakini inaonekana alikuwa amejifunza kwa gharama kubwa kwamba ahadi isiyofungwa kwa kamba huuzwa pamoja na kisima.

Nami nilifanya nini? Sikuhama WhatsApp, na huenda hata makala hii umeipokea huko. Lakini tulikaa kikao cha jumuiya na tukakubaliana mambo matatu. Tangazo lolote lenye haki ya mtu ndani yake, kama karo au mazishi, linabandikwa ukutani pa msikiti na kusomwa baada ya swala kabla ya kupelekwa kokote. Daftari la akina dada linakaa kwa katibu wao wa kike. Na hakuna anayeingizwa kundini kabla hajaulizwa.

Nilimwendea yule dada kumwomba radhi. Alirudi masomoni muhula huu, alhamdulillah. Aliniambia, "Nimekusamehe, kaka. Lakini namba yangu iko wapi sasa?"

Namba ile niliiingiza katika simu yangu usiku mmoja, na simu yangu ikaipeleka ilikoipeleka. Siwezi kuifuata. Suratun Nisaa inatuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe, nami nina amana ambayo nimeomba nisamehewe kwa sababu kuirudisha siwezi. Ewe utakayekuja kushika daftari baada yangu, kabla hujaandika namba ya kwanza, jiulize kama utaweza.

Wallahu a'lam.